Nyumba ya Mkomani: Inavyosimama na Inavyoangushwa

Hotuba kwa wenye nyumba, mafundi na vijana wa Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, mafundi wetu, na nyinyi vijana mnaoanza kushika mwiko, ahsanteni kwa kuitika.

Nyumba ya mawe inapoporomoka Mkomani, mtaa wetu wa nyumba za mawe, neno la kwanza mtaani ni kwamba imezeeka. Sisi tulio katika kazi hii hatukubali haraka. Kuna kuta zimekaa miaka mia mbili na zaidi bila neno, zikaanza kumomonyoka baada ya kupigwa plasta ya saruji. Kuna sakafu zimebeba harusi na matanga ya vizazi, zikainama baada ya kupandishiwa tangi la maji. Nyingi katika nyumba hizi zinaangushwa na matengenezo, tena yaliyofanywa kwa nia njema na kwa pesa iliyopatikana kwa taabu. Ndiyo maana leo tunataka kuingia ndani ya nyumba, tuone inavyofanya kazi, kisha tuseme inavyotengenezwa. Historia tutaipitia kwa kadiri inavyotusaidia kuzisoma kuta.

Mji huu umekaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 700 bila kukatika. Msikiti wa Pwani, hapo karibu na ngome, unahesabiwa kuwa wa mwaka 1370. Lakini nyumba tunazozizungumzia, zile zenye zidaka, yaani visanduku vya ukutani, nyingi ni za karne ya 18, biashara ilipokuwa imeshamiri: boriti, pembe na nafaka zikipanda majahazi kwenda Arabuni, nguo na vyombo vya kaure vikirudi. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Lamu waliwashinda Wapate, watu wa kisiwa cha Pate, na wenzao wa Mombasa pale Shela, kisha wakatafuta himaya ya Oman. Ngome ilianza kujengwa 1813 na kumalizika 1821. Wakati ule bahari ilikuwa ikifika karibu nayo. Ardhi iliyopo leo baina ya ngome na maji ilijazwa baadaye, na majumba ya mbele yenye varanda na madirisha ya kutazama bandari ni ya mtindo mwingine, yana mkono wa Kihindi na wa Kiarabu. Fundi lazima alijue hili, kwa sababu nyumba iliyosimama juu ya kifusi karibu na maji hufyonza unyevu kuliko ile iliyo juu kwenye mteremko.

Nyuma ya majumba hayo ndipo inapopita Usita wa Mui, barabara ya maduka, sambamba na pwani. Juu yake, kaskazini, ni Mkomani ya nyumba za mawe. Kusini ni Langoni, iliyokua kwa nyumba za udongo na makuti, na huko ndiko Habib Swaleh alikojenga Msikiti wa Riyadha karibu mwaka 1900. Watu hupenda kutazama Mkomani wakaisahau Langoni. Lamu ni zote mbili.

Na isemwe wazi pia: mawe haya hayakujipanga. Waliokata miamba, waliochoma chokaa, waliotwanga sakafu, wengi wao walikuwa watumwa, na vyumba vya chini vya nyumba nyingi ndimo walimolala wao na mizigo ya biashara, waungwana wakikaa juu. Utumwa ulipopigwa marufuku kabisa pwani hii mwaka 1907, utajiri wa mashamba ulikuwa umeshapungua, na nyumba nyingi zikakosa mikono na fedha za kuzitunza. Uchakavu wa baadhi ya nyumba zetu ulianza hapo. Tukisifu nakshi bila kutaja mikono iliyofanya kazi, tumesema nusu.

Sasa tuingie. Kwanza ni daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni wa kawaida huishia hapa. Ukivuka mlango unaingia tekani, ambayo imepindishwa makusudi ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Ndiyo maana fundi anayebomoa ukuta wa tekani "kupanua sebule" anaiondolea nyumba sitara yake yote kwa siku moja. Kutoka tekani unatokea kiwanda, uwanja ulio wazi juu. Nyumba nyingi zina sabule pia, chumba cha mgeni wa safari kilichotengwa ili mfanyabiashara akae miezi akisubiri upepo ugeuke bila kuingiliana na wenyeji.

Kiwanda ndicho pafu la nyumba. Madirisha ya nje ni machache na madogo, na ukuta wa nyuma mara nyingi hauna hata moja. Mwanga na hewa vyote huingia kwa kiwanda. Vyumba hupangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka hapo: msana wa tini (chumba cha chini), msana wa yuu (cha juu yake), kisha ndani, kila kimoja kikiinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia. Kadiri unavyoingia ndivyo faragha inavyozidi na mwanga unavyopungua. Hapo ndipo kazi ya zidaka inapoonekana. Ukuta wa ndani umejaa visanduku vya chokaa nyeupe vilivyochongwa kingo, safu juu ya safu, na mbali ya kuweka kaure na misahafu, weupe wake hunasa ule mwanga kidogo unaotoka kiwandani na kuurudisha chumbani. Ukipaka zidaka rangi ya mafuta, hata iwe nyeupe, umeziba mistari ya nakshi na umeziba pumzi ya ukuta kwa pamoja.

Jiko lilikuwa juu kabisa, kidari cha meko, chini ya makuti, ili moshi na joto viende zao. Chooni palikuwa na birika la maji lililojengwa kwa chokaa, mara nyingi likiwa na bakuli la kaure chini, na samaki wadogo waliowekwa humo kula viluwiluwi vya mbu.

Nyumba iliongezeka kwa mpango. Binti akiolewa alipewa nyumba, hivyo baba alijenga ghorofa juu au alijenga ng'ambo ya njia na kuziunganisha kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya barabara. Wanawake walitembeleana bila kushuka njiani. Leo urithi unapogawanywa, wikio ndiyo inayogombaniwa na ndiyo isiyotengenezwa na yeyote. Tunawaomba wenye nyumba zilizoungana waandikiane nani anatunza boriti za wikio. Ikianguka haichagui mwenyewe wala mpita njia.

Tuje kwenye kipimo kinachotawala kila kitu: boriti. Mkoko ulionyooka na wenye unene wa kubeba sakafu hautoi urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vya Lamu vina upana wa mita 2.5 hadi 3 tu, hata kama urefu wake ni mita 8. Boriti hupangwa kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30, vichwa vyake vimeingia ukutani. Juu yake huwekwa vipande bapa vya mawe, juu ya mawe hushindiliwa chokaa iliyochanganywa na kokoto za matumbawe, ikipigwa kwa vipande vya mbao siku kadhaa mpaka iwe ngumu na laini. Sakafu nzima huweza kufika sentimita 30. Ni nzito: mita moja ya mraba ina mamia ya kilo. Boriti zinaibeba kwa sababu upana ni mdogo na mzigo umesambaa.

Kuta ni za mawe ya matumbawe ya nchi kavu, mengi kutoka kisiwa cha Manda, yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo, unene wa sentimita 40 hadi 50. Yale mawe laini ya baharini, yanayochongeka yakiwa mabichi na kukauka yakawa magumu, yalitengwa kwa nakshi, matao na mihirabu. Hayo tusiyakate tena. Mwamba hai ndio makazi ya samaki wetu, na kwa kutengeneza nakshi iliyovunjika chokaa safi inatosha.

Chokaa yenyewe ni mawe ya matumbawe ya nchi kavu yaliyochomwa. Magogo hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe huwekwa juu, moto huwashwa katikati. Joto lazima lifike karibu nyuzi 900, jiwe lipoteze hewa yake ya ukaa. Kisha huzimwa kwa maji na kuachwa. Chokaa iliyolazwa majini miezi mitatu na zaidi, imefunikwa, hulainika na kushika vizuri. Iliyozimwa jana huwa na chembe ambazo hazijaiva, nazo hufumuka ukutani baadaye na kuacha vitundu. Kinachoigeuza chokaa kuwa jiwe tena ni ile hewa ya ukaa inayorudi polepole, kama milimita moja kwa mwezi. Anayetaka chokaa igande kwa siku mbili anaiomba kazi isiyo yake, na hapo ndipo anapokimbilia saruji.

Saruji inafanyaje? Ukuta wetu umesimama juu ya ardhi yenye maji na chumvi, na hauna kizuizi cha unyevu chini. Maji hupanda ndani ya mawe. Plasta ya chokaa ina vitundu, kwa hivyo maji hutoka kupitia humo yakawa mvuke, na chumvi hubaki juu ya plasta. Plasta ndiyo inayoliwa. Ukuta unabaki, na baada ya miaka unabadilisha plasta. Ukipiga saruji, maji hayana mlango. Yanaendelea kupanda nyuma yake mpaka yavuke pale saruji ilipoishia, na mara nyingi hapo ndipo vichwa vya boriti vilipo. Chumvi nayo hukauka ndani ya jiwe, ikavimba na kulisaga likawa unga. Kwa nje ukuta unang'aa. Siku saruji inapobanduka, hutoka na kipande cha ukuta.

Namna ya kujua ni rahisi. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu. Ikilia kavu na nzito, imeshika. Ikilia tupu, imeachana na ukuta. Kisha tazama juu ya mstari wa saruji: ukiona utepe wa unyevu na unga mweupe, maji yameshapanda.

Tiba yake ina mpangilio. Bandua saruji yote kwa patasi ndogo na nyundo, usitumie mashine ya kutetemesha, maana mawe ya ndani yamelegea. Fagia chumvi kwa brashi kavu, iondoe nje ya nyumba. Ukiimwagia maji unairudisha ndani. Acha ukuta upumue, msimu mzima wa kaskazi ikiwezekana. Jaza mianya kwa mawe madogo na chokaa. Kisha plasta: chokaa 1 kwa mchanga 3 kwa tabaka la kwanza, chokaa 1 kwa mchanga laini 2 kwa la mwisho, kila tabaka lisizidi sentimita 1, na baina ya moja na jingine si chini ya wiki. Lowesha ukuta kabla, na tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya plasta siku za mwanzo, kwa sababu jua la kaskazi huikausha kabla haijashika na ikapasuka mistari. Malizia kwa maji ya chokaa, mikono mitatu hadi mitano, myepesi.

Mchanga ndio unaowaangusha mafundi wengi. Wa ufukweni una chumvi, na ukiutia kwenye plasta umerudisha ugonjwa kwa mikono yako. Tumia wa bara, na hata huo uupime. Chukua chupa inayoonekana ndani, tia mchanga mpaka theluthi, jaza maji, tikisa vizuri, iache usiku kucha. Asubuhi mchanga utakuwa chini na udongo laini juu yake. Udongo ukizidi sehemu moja kati ya kumi, uoshe au utafute mwingine. Kipimo hiki hakina gharama, na wengi wenu mmekuja na mchanga wenu leo. Tutaupima hapa hapa.

Boriti huoza pale inapoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo unyevu ulipo, na mchwa hufuata unyevu. Katikati inaweza kuwa nzima kabisa huku kichwa kimekuwa unga. Kwa hivyo usiikague kwa kuitazama. Chukua bisibisi, ichome pembeni mwa boriti, karibu kabisa na ukuta. Ikigota, boriti ni nzima. Ikiingia sentimita 2 bila nguvu, anza kupanga kazi. Ikiingia mpaka mpini, watu wasilale chumba hicho wala cha chini yake.

Kubadilisha, anza na miimo ya muda. Weka mti wa kukingama chini ya boriti, nusu mita kutoka ukutani, uinuliwe na nguzo zilizosimama juu ya ubao mpana. Ikiwa kuna chumba chini, nguzo ziendelee mpaka ardhini, la sivyo umehamisha mzigo kwenye sakafu nyingine. Toa boriti moja tu, weka mpya, kisha nenda kwenye nyingine. Fundi anayetoa nne kwa pamoja ili amalize upesi anacheza na roho za watu. Boriti mpya iwe imeambuliwa gome na kukaushwa kivulini miezi kadhaa. Ya juzi kutoka mkokoni itapinda na kusinyaa ikiwa mahali pake. Iingie ukutani angalau sentimita 20, ikae juu ya jiwe bapa, na pembeni mwa kichwa uache nafasi ya hewa. Usikifunge kwa saruji. Kwa upatikanaji, tangu katazo la kukata miti la mwaka 2018 kila mtu amejifunza kuhakikisha kibali kabla ya kuagiza. Agizeni mapema na kwa kazi ya nyumba nzima, badala ya kukimbia kutafuta mbili mbili dari ikiwa imeshaning'inia.

Mzigo. Paa likivuja, wengi humwaga zege juu. Sentimita 5 za zege ni zaidi ya kilo 100 kwa mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 8 kimeongezewa karibu tani 3, juu ya boriti ambazo tayari zimelowa. Baada ya miaka michache zege linapata ufa, maji yanaingia lakini hayatoki, na tabaka la pili linaongezwa. Tumeona paa zenye tabaka tatu. Tiba ni kuondoa, kurudisha chokaa iliyopigwa kwa mteremko kuelekea kwenye marizabu, mifereji ya kutoa maji ya paa, na kuipaka maji ya chokaa kila mwaka kabla ya masika.

Tangi la lita 1000 likijaa ni tani nzima, imesimama mahali pamoja. Likae chini ardhini, maji yapandishwe kwa pampu. Ikibidi liwe juu, liwekwe penye makutano ya kuta, juu ya mbao nene zinazopeleka uzito ukutani na si kwenye boriti. Vyoo vya kuvuta maji navyo vimebadilisha hesabu: mashimo ya zamani yalijengwa kwa kata chache za maji, na leo yanapokea lita 6 hadi 9 kila mtu anapovuta. Shimo linajaa, maji yanatafuta msingi. Mashimo yakaguliwe, na yanayogusa ukuta yahamishwe.

Kuhusu ghorofa za tatu na nne zenye makuti kwa ajili ya wageni, tunasema bila kuficha: hatukubaliani nazo. Msingi haukupimwa kwa ajili yake, jirani anafungiwa upepo, na makuti yakishika moto katika njia ambayo punda wawili hupishana kwa shida, hakuna gari la zimamoto litakalofika.

Ruhusa ni lazima. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na unalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Kabla ya kubomoa, kuongeza au kubadilisha sura ya nje, pita ofisi ya uhifadhi ya makumbusho na ofisi ya kaunti, na mchoro mkononi. Hata mlango wa nakshi unaong'olewa na kuuzwa ni sehemu ya nyumba iliyolindwa. Vijana wengi wanadhani ofisi hizo zipo kuzuia tu. Waulizeni pia ushauri wa chokaa na mafundi, kwa kuwa hiyo ni kazi yao.

Masika hayako mbali. Wiki hii pandeni juu mtazame marizabu: kama zimeziba, kama zinamwaga maji mbali na ukuta au zinayarudisha. Kisha nyufa za paa, kisha vichwa vya boriti kwa bisibisi. Kama pesa inatosha kazi moja mwaka huu, iwe ya paa. Ukuta wenye chumvi unaweza kusubiri kaskazi ijayo, boriti iliyolowa haiwezi. Sasa leteni maswali, na wenye chupa za mchanga wasogee mbele.